Mkono Mbele ya Mwanga

Mkono ulioingia ukutani ulikuwa mkubwa kuliko farasi. Ulipanda mweusi katikati ya pigano la mapanga la filamu, ukashuka, ukapanda tena, na watazamaji waliojaa uani mwa ngome wakaangua kicheko, wakidhani ni mtukutu fulani anayechezea mwanga wa mashine. Halafu kikatokea kivuli cha kichwa cha mwanamke, kitambaa kimemvuka, kikirushwa huku na huku kama mpira wa matambara. Kicheko kikakatika vipandevipande.

Fundi wa filamu, aliyekuwa juu ya jukwaa la mbao nyuma ya watu wote, hakuhitaji kuambiwa vivuli vile ni vya nani. Mkono ulikuwa wa kaka yake, muuza nyama, mtu wa kifua kipana na mzaha mwingi, kipenzi cha mtaa mzima. Kichwa kilikuwa cha shemeji yake, mke wa kaka huyo, aliyekata tiketi langoni kila Jumamosi ya filamu za zamani.

Ngome ile iliwahi kuwa gereza. Minyororo ilikwisha kung'olewa, kuta zikapakwa chokaa, ikafanywa makumbusho, na wakubwa wake wakaona ukuta mrefu wa ndani ungefaa kuonyeshea zile picha za nyeusi na nyeupe walizozipenda wazee. Fundi ndiye aliyemtafutia shemeji kazi ya langoni. Kaka alikubali kwa shingo upande, akisema kwa kucheka kwamba mke akizoea kushika tiketi atasahau kushika mwiko. Walicheka wote mezani, hata shemeji. Waliishi pamoja katika nyumba ya urithi, vyumba vimeshikana, na mezani pale kila mtu alijua wakati wa kucheka.

Jioni ile kaka alikuja amelewa hasira, si pombe. Walioketi karibu na lango walisimulia baadaye kwamba alimkuta mkewe akimwelekeza mwanamume mmoja mahali pa kukaa, naye akitabasamu. Hakuuliza. Alimkamata nywele, akamburuta katikati ya viti hadi mbele ya mwanga, akampiga kofi, kisha ngumi, kisha teke la tumbo. Damu ilimruka mwanamke puani, ikatapakaa kwenye tiketi alizokuwa bado amezikumbatia. Wapo waliosimama. Wapo walionong'ona kwamba ni mambo ya mke na mume. Hakuna aliyeinua mguu.

Fundi angeweza kuzima mashine. Kidole chake kilikwisha kufika kwenye swichi, na alijua kingefuata nini: giza lingeshuka, vivuli vingetoweka, na kila mtu angepata kisingizio. Akakiondoa. Aliuacha mwanga uwake, akang'oa mguu wa chuma wa stendi ya spika, akaruka chini.

Pigo la kwanza lilimpata kaka begani. Aligeuka, akamtambua, akatabasamu kana kwamba ametaniwa.

"Wewe?" alisema. "Wewe, mdogo wangu?"

La pili likauvunja mkono uliokuwa umeshika nywele, na mlio wa mfupa ukasikika kuliko mapanga ya ukutani. Kaka akapiga magoti. Hapo palitosha, na fundi alijua pametosha, ila chuma kilishuka tena mgongoni, tena mbavuni, na utamu fulani ukampanda kifuani, utamu ambao hakuwahi kuuonja maishani. Ni shemeji aliyejivuta kwenye mawe akamkumbatia miguu.

"Mwache," alisema, mdomo umejaa damu. "Utakuwa yeye."

Kaka alipelekwa hospitali akiwa hai, akimlilia mama yao aliyekwisha kufa. Fundi na shemeji walipelekwa kituo cha polisi, wakaketishwa kwenye benchi moja kumngojea afisa. Njiani watu walimshika fundi mkono, wakamwita mwanamume wa kweli. Akawa anangojea shemeji naye aseme lolote la namna hiyo.

"Ukuta wa vyumba vyetu mwembamba," shemeji alisema hatimaye, bila kumtazama.

Fundi alikaza macho sakafuni.

"Kila kaka yako alipoanza, nilisikia redio yako ikipandishwa sauti. Mwanzoni nilidhani imetokea tu."

"Yeye ndiye aliyenilea," fundi alisema. Maneno yalimtoka makavu kama maganda, na alipoisikia sauti yake mwenyewe akatamani kuyameza. "Nilikuwa nasikia, shemeji. Nilisikia yote."

Mwanamke aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyerudishiwa kitu ambacho siku zote alijua ni chake.

Afisa aliingia, akavuta kiti, akamtaka shemeji aeleze yaliyotokea ngomeni. Shemeji aliuliza kama ni ya leo tu. Afisa hakuelewa swali. Akamgeukia fundi, kana kwamba jibu lilikuwa kwake.

Ya leo tu yangemtoa fundi akiwa shujaa. Akabana viganja katikati ya magoti.

"Anzia mwanzo, shemeji," alisema. "Na mimi usiniruke."

Mwanamke akapangusa damu iliyomkaukia mdomoni, akaanza.