Mnazi wa Mwanarehema

Binti yangu Mwanarehema aliuza mnazi wake kwa mgema wa tembo, akanunua ndoo ya plastiki. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Nyumba yetu ni ya Waislamu, na mnazi wenyewe uko karibu na mlango, kwa hiyo kila mgeni alikiona kibuyu cha tembo kikining'inia juu kabla hajapiga hodi.

Kwetu huku Likoni, ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Ardhi yaweza kuwa yangu na mnazi uliomo ukawa wa mtu mwingine, na mwenye mti hazuiwi kuufikia. Kila mtoto wangu alipozaliwa nilizika kitovu chake, nikapanda mche wa mnazi juu yake. Mwanarehema alipohitimu Kurani nilisimama mbele ya watu nikasema, "Mnazi ule ni wake. Hata mimi nikitaka dafu, nitamwomba ruhusa." Watu walicheka. Mimi sikuwa na mzaha.

"Mwanarehema!"

"Abee, baba."

"Naomba dafu."

Anautazama mti kama mwenye duka, kisha anasema, "Chukua moja. Yale ya upande wa kibla bado."

Hivyo ndivyo nilivyotaka kuwalea. Maduka ya kivukoni yalikuwa yamejaa vitu, gari lenye spika lilipita likinadi sabuni na mabeseni, na watu wakisema Uhuru ukija kila mtu atakuwa navyo. Mimi niliwafundisha wanangu kwamba mnazi ukiutunza unakupa mafuta, kamba za makumbi, fagio la chelewa, makuti ya paa na upawa wa kifuu, na mwakani unakupa tena. Kikivunjika kitu, tunatengeneza. Maji tulichota kwa debe la mafuta ya taa. Mimi mwenyewe nililitia mpini wa mti, na lilipovuja nililiziba kwa lami.

Debe hilo ndilo lililoleta balaa. Khairiya, binti wa mwenye duka, alikuja kisimani na ndoo ya buluu inayong'aa. Akalitazama debe letu, akasema, "Mwanarehema, hilo lilikuja na Wareno nini?" Wasichana wote wakaangua kicheko.

Mwanarehema akaja kuniomba ndoo.

"Debe linabeba maji au halibebi?" nikamuuliza.

"Linabeba."

"Basi."

Hakuomba tena. Nikadhani amenielewa.

Asubuhi moja nikasikia kisu kinachanja gome. Nikatoka mbio. Elkana, mgema kutoka Rabai, yuko katikati ya mnazi akikata vidato vya kupandia.

"Shuka! Nani kakupa ruhusa?"

"Mwenye mti," akasema, wala hakuacha kukata. "Nilimuuliza hata jirani yako Mbwana, maana mtoto ni mtoto. Mbwana akaniambia wewe mwenyewe ulitangaza mbele ya watu. Ulitangaza, hukutangaza?"

Nilitangaza. Nikaingia ndani.

"Mwanarehema! Umeuza mti?"

"Abee, baba. Nimeuza."

"Nilikupa uutunze!"

"Hukusema nitunze. Ulisema wangu."

Nikamgeukia mama yake, Mwanamkasi, nikitaka aniunge mkono. Alikuwa akimimina maji kutoka kwenye ndoo mpya ya plastiki.

"Usinitazame mimi," akasema. "Mtoto kakosa, sikatai. Lakini ndoo ni nyepesi, wallahi. Debe lako limenivunja shingo miaka yote hii, na hujaniuliza."

Tangu siku hiyo sikutulia. Mnazi unaogemwa hauzai nazi, kwa kuwa kole la maua linakatwa kila siku ili litoe tembo. Elkana alikuja asubuhi, akaja tena jioni. Nikiwa ndani namsikia akinoa kisu. Nikienda shambani, jembe mkononi, nakumbuka atakuja, narudi kumtazama. Akija namtazama, akiondoka nauzunguka mti. Chakula nilikula nimesimama. Mwanamkasi aliniambia nikae, nikakaa, nikainuka.

Msikitini Mbwana alinisogelea tukivaa viatu. "Mwinyihaji, kilabu chako kinafunguliwa saa ngapi?"

Nikaenda moja kwa moja kumngoja Elkana chini ya mnazi.

"Nirudishie mti huu," nikamwambia. "Nitakupa miwili kule mpakani."

Akacheka kidogo. "Ile ya mpakani imezeeka. Huu umelelewa vizuri, Mwinyihaji. Umeutia majivu, umeutia samadi, ndiyo maana unatoa tembo zuri hivi. Mitatu."

"Mitatu kwa mmoja?"

"Au uniache nifanye kazi yangu."

Kibuyu kilikuwa juu ya kichwa changu, nyuki wanakizunguka. Nikakubali. Tukaita mashahidi, Mbwana akiwa mmoja wao, na Elkana akashusha kibuyu chake akaenda mpakani.

Mwanarehema alikuwa akirudi kisimani, ndoo kichwani, hamwagi hata tone. Nikamzuia njiani.

"Mnazi umerudi. Ni wako tena."

Akaitua ndoo taratibu. "Ahsante, baba. Lakini mimi niliuuza. Umeununua wewe, ni wako wewe."

"Nakupa."

"Ukinipa, utanipa kweli, au nitunze?"

Akaitwika ndoo yake, akaingia ndani.

Hivi ndivyo mambo yalivyobaki. Minazi mitatu ya mpakani, aliyoipanda marehemu baba yangu, sasa inagemwa tembo, na aliyeitoa ni mimi. Mtoto alitoa mmoja. Mnazi wa mlangoni una vidato mpaka juu na mwaka ule haukuzaa. Debe lilikaa kavu mpaka lami ikapasuka, sasa kuku anataga humo. Ndoo ni nzima. Mwanarehema haniombi tena kitu chochote. Na mimi nikitaka dafu, napanda nakata. Hakuna wa kumwomba ruhusa.