Kipandio cha Arobaini na Mbili

…arobaini na moja, basi, amehesabu mara tatu, kwenda juu, kurudi chini, kwenda juu tena huku pumzi zikimwishia, na ngazi ya mawe inayopanda kutoka sokoni hadi lango la mji wa kale ina vipandio arobaini na moja, si arobaini na mbili kama alivyoandika yeye mwenyewe, Bi Vitabu, kama wanavyomwita mtaani, katika vitabu vitano vya watoto, miaka tisa mizima, kwamba shujaa wake Binti Taa akikanyaga kipandio cha arobaini na mbili mji wa pili hufunguka, wenye minara inayonong'onezana na paka wanaolinda malango… na sasa amesimama chini ya ngazi, simu sikioni, jasho linamtiririka mgongoni, na mhariri anazungumza kwa upole wa daktari mwenye habari mbaya, "Dada, wazazi wanatuandikia kila siku, watoto wanahesabu hawakioni, na kitabu cha kwanza kinarudi mtamboni kuchapwa upya leo mchana, wewe niambie tu nisahihishe, ni neno moja," neno moja, eti, kana kwamba mji mzima haukuning'inia kwenye neno hilo, na mbili ikiwa moja basi lango la ajabu litakuwa pale juu wanapokaa wauza vitunguu wakipunga upepo, aibu gani hii, mtu mzima kuandika ngazi ya mtaani kwao bila kuihesabu, na hakuihesabu kwa sababu baba alisema, baba mwashi, aliyeitengeneza ngazi hii maisha yake yote kwa timazi na chokaa, alisema arobaini na mbili tangu bintiye hajaota meno ya pili, na neno la baba kuhusu mawe halikuhitaji shahidi… je, kama baba alikosea, ni mangapi mengine aliyokosea, na yeye akayapokea yote na kuwalisha watoto wa watu… huyo hapo mmoja wao, kule juu, plasta gotini, kitabu kwapani, uso umemwanguka, "Mama, hakipo," na mama yake kutoka chini, mfuko begani, "Nilikwambia, vitabu ni vitabu tu, shuka twende zetu," na Bi Vitabu anatamani ardhi immeze, maana ni yeye aliyemdanganya huyu mtoto, si mwingine, "Mara ya mwisho, mama, nianze tena," "Ya mwisho kweli, jua linachoma," na mtoto anashuka mbio, anaruka vipandio viwili vya mwisho na kutua kwa miguu yote miwili kando yake, tup, kwenye bamba la jiwe la barabarani, na bamba linaitika, sauti nzito, ya chini kwa chini… sauti hiyo Bi Vitabu anaijua, ni nyundo ya baba, mwaka ule wa mvua nyingi, mguu wa ngazi ulipotitia, baba aliinua mabamba haya haya akachimba mpaka udongo ukamfika kiunoni, akamwita, "Njoo uone kitu ambacho hata mkuu wa mji hajakiona," na mle chini palikuwa na kipandio, kimechongwa kama wenzake, kingo zake kali kwa kuwa hakuna nyayo zilizozila, "Sisi waashi tunaanza kuhesabu hapa," "Kwa nini wamekificha, baba?" "Hawakukificha, mwanangu, mji ndio umepanda, chini ya barabara hii kuna barabara, kuna vizingiti vya watu, tunatembea juu ya mapaa yao," akamshika makwapani akamteremsha, akakanyaga peku, baridi ikampanda hadi utosini, kisha baba akafukia, wakaenda kula… na yeye akasahau, Mungu wangu, akasahau kabisa, akawaambia watu wa redio kwamba mji wa pili ulimjia tu akiosha vyombo, kumbe hakubuni kitu, alikuwa anakumbuka, upo, umo humu chini ya soko, malango yake yamesimama gizani wakati huu huu watu wakibishania bei ya nyanya, na miguu yake mwenyewe, tangu asubuhi, imekuwa juu yake, nywele zinamsisimka, baba hakukosea, na neno hilo si lake kulibadilisha… "Dada, upo?" nipo, anataka kusema, badala yake anasogea hatua moja tu, polepole, kama anayempisha mtu mlangoni, "Anzia hapa, mwanangu," "Nianzie wapi tena?" anauliza mhariri, "Unasema na mimi?" na mtoto anamtazama, analitazama bamba, anaupanga mguu wa kulia, kisha wa kushoto, anavuta pumzi. "Moja."