Uji Usio na Sukari

Dada yangu Tamsin alikuwa hospitalini Toowoomba tangu baridi ianze. Dawa za kutibu kifua zilifyeka bakteria wote tumboni mwake, kisha mmoja mbaya akarudi peke yake na kujimilikisha nyumba. Tamsin akawa anaharisha mpaka macho yakamwingia ndani.

Daktari Koula Stathakis wa chuo kikuu akaja bwenini kwetu kutafuta bakteria wema kwenye matumbo mazima. Watakaofaulu majaribio wangekuzwa, wawekwe kwenye vidonge, na Tamsin angekuwa miongoni mwa wa kwanza kuvimeza. Asubuhi tukakabidhi vikopo vyetu vya kinyesi kwa mstari, tumeinamisha vichwa kama wapokea komunyo.

Bakteria wangu walifanya vizuri. Walivumilia asidi, wakavumilia nyongo, na kwenye kisahani cha maabara wakamfukuza yule mbaya mpaka pembeni. Mama alilia kwenye simu. Nikamwambia yote ni malezi.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, nilikunja shuka la Fergus Haddrick katikati, ili akijilaza miguu yake igome nusu ya safari. Ni ibada ya kale ya bweni letu. Fergus ni kiranja. Hula uji wa shayiri bila sukari na huripoti soksi za watu. Nilipotoka, Daktari Koula alikuwa ananingoja kwenye benchi.

"Wako tumewaacha, Darcy," alisema. "Tumewajaribu kwa antibiotiki. Hawafi."

"Si ndiyo ushujaa huo?"

"Wanaweza kumwambukiza yule mbaya ujanja wao. Tukikwama, hatutakuwa na dawa ya kumuua."

"Kwa hiyo ni watukutu."

"Watukutu kabisa."

Akaeleza kwamba kuna mwanafunzi mwingine aliyefaulu yote. Bakteria wake ndio watakaompa Tamsin nafasi. Jina hakulitaja, haruhusiwi. Nikamshukuru. Nikasubiri nihuzunike, au nifurahi, lolote litakalotangulia. Hakuna kilichokuja. Niliangalia kunguru akivuta ganda la mkate kwenye pipa, mpaka akalimaliza.

Nilirudi bwenini. Fergus alikuwa mlangoni, ameshika kikopo kipya kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani.

"Maabara wanataka kingine," alisema. "Eti changu tu. Nimekosea nini?"

"Tumbo lako liliwahi kukusumbua?"

"Hata siku moja."

"Antibiotiki je?"

"Sijawahi kuugua, bwana. Unajua hivyo."

Nilijua. Tulimcheka kwa hilo. Nikampita, nikainama kitandani kwake, nikalikunjua shuka, nikalinyoosha na kulichomeka pembe zote nne kama matroni anavyotaka.

"Sasa hiki ni kituko gani?" akauliza.

"Natandika. Kesho kunywa uji wako, Fergus. Wote."

Fergus akainua mto kwa vidole viwili, akachungulia kama kuna chura.