Pole ya Karani wa Bandari

Asubuhi ya siku ya thelathini na moja, muuguzi alinusa nchi kavu kabla hajaiona: harufu ya udongo uliolowa na moshi wa kuni. Kisha mlima ukachomoza kwenye ukungu, kijani kibichi, akapiga kelele kama mtoto.

"Kaka! Kisiwa kile pale!"

"Nimekiona," alisema kaka yake, bila kugeuza shingo kutoka kwenye usukani. Mtaani kwao alijulikana kama Profesa, kwa vile alijifunza kuunda mashua kwa vitabu vya kuazima.

Dada alidhani ni uchovu. Wote walikuwa wamechakaa, midomo imepasuka, makalio yamejaa vidonda vya chumvi. Ila Profesa, mtu wa mizaha asiyejua kufunga mdomo, alikuwa amenyamaza tangu wiki ya kwanza, tangu siku ya tatu aliposema kile kifaa cha kutumiana ujumbe na nyumbani kimeingia maji. Zamu yake ikiisha alijifunika gubigubi.

Ukimya ule aliujaza dada, kwa habari za mama yao. Tukifika nitampigia yeye kwanza, alisema kila siku. Nitamwambia samaki waliruka wakatua jikoni. Nitamwambia mwanao anakoroma mpaka dhoruba haisikiki. Mama ndiye aliyewaachia uwanja wa nyumba yake miaka tisa wajenge mashua, akaanika kanga zake juu ya mbao zao, akawafokea majirani waliowacheka.

Saa tatu wakafunga kamba gatini. Dada alipokanyaga chini miguu ilimsaliti, saruji ikayumba kama mawimbi, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Dada, ngoja kidogo. Kuna jambo," Profesa alisema.

"Jambo litangoja. Mimi nataka simu." Akachukua pasi zao mbili, akaenda.

Ofisi ya bandari ilikuwa chumba kimoja, feni inalalamika darini, kaunta imebanduka rangi. Karani akafungua pasi, akasoma jina la mashua, akavua miwani.

"Kumbe ndio nyinyi. Jamani, poleni sana na msiba."

"Msiba gani?"

Muhuri ukabaki hewani. "Mama mdogo wenu alipiga simu hapa kuuliza kama mmefika salama. Alisema… mmefiwa na mama."

"Umekosea mashua, baba."

Karani hakubishana. Alimsogezea simu ya mezani, na karatasi yenye namba ambayo dada aliijua kwa kichwa.

"Mmefika. Haya," alisema mama mdogo, sauti kavu.

"Lini, mama mdogo? Mama amekufa lini?"

"Unaniuliza mimi? Siku ya tatu tuliwaandikia anaumwa. Kaka yako akajibu mmeshauriana, mnaendelea. Siku mbili nzima hospitalini mama yako anauliza, muuguzi wangu yuko wapi? Tukamwambia uko njiani unarudi. Mmetufanya tumdanganye mgonjwa!"

"Sikujua. Wallahi sikujua."

"Sasa utasema nini kingine?" Simu ikakatwa.

Aliporudi gatini Profesa alimtazama usoni mara moja tu, akaketi juu ya rundo la kamba.

"Kifaa kiko wapi?"

"Chini ya godoro langu. Hakikuharibika. Ningekuambia, ungesema tugeuze."

"Ndiyo, ningesema."

"Miaka tisa, dada! Tungerudi tusingetoka tena. Na nilijua tusingemuwahi."

"Ulijua wewe? Kati yetu nani anajua mgonjwa wa kuwahiwa?"

"Nimelia kila zamu yangu."

"Umelia. Na mimi ukaniacha nacheka! Siku ishirini na sita namtungia marehemu hadithi, na wewe unasikiliza!"

Profesa akajiinamia, mabega yakaanza kutikisika. Ilikuwa mikono ile ile iliyomnywesha dada maji kwa kijiko alipopata homa katikati ya bahari, sasa imechunika, imefunika uso. Mkono wa dada ukanyanyuka kuelekea begani kwake. Akaurudisha.

Alitia nguo zake kwenye begi akapanga chumba nyuma ya karakana ya vyuma. Ndege ya kurudi nyumbani ilikuwa siku ya nne. Kila asubuhi Profesa alibisha hodi, akaacha mkate na matunda mlangoni, akasimama kidogo, akaenda. Dada alimpa mwenye nyumba vyote. Siku ya safari hakupita gatini kuaga.

Nyumbani, mama mdogo alimfungulia mlango, akamkaribisha kiti cha wageni. Alimsikiliza mwanzo mpaka mwisho, habari ya kifaa, ya godoro, ya karani.

"Huenda," alisema mwishowe. "Maana kaka yako naye kapiga jana, kasema hayo hayo." Akafuta meza iliyokuwa safi. "Lakini mama yako hakuyasikia, mwanangu. Kafa anaangalia mlango."