Misumari ya Mwaloni wa Homa

Ludivine Hanquet alikuwa ameuchora ule mwaloni, mti mkongwe wa kijiji chao, katika vitabu vinne vya katuni, ukiwa na macho, ukiongea, ukilinda chemchemi za kijiji. Jumanne hiyo alisimama chini yake na koleo la kung'olea misumari mkononi, na watu wamefurika mbele ya mkahawa wa Alphonsine utadhani wamealikwa harusini.

Tangu zamani, ukishikwa na homa ulipigilia kipande cha nguo yako mtini ukaenda zako. Homa ilibaki pale. Atakayekitoa, anaibeba yeye. Kwa mwaka vilipigiliwa vitatu, vinne. Kitabu cha kwanza kilipotoka, wasomaji wakaanza kumiminika kwa mabasi kutoka Liège, kutoka Lille, kila mmoja na nyundo yake, wengine hawana hata mafua. Misumari elfu na ushee. Gome likaoza.

Halmashauri ikaamua ukatwe; Ludivine aliisihi iuache. Mtaalamu wa miti aligonga shina, likalia kama pipa tupu. Mti ungeangukia barabara wakati wowote.

"Msumeno haupiti kwenye chuma," alisema mkataji. "Ng'oeni kwanza."

"Ng'oa wewe!" mwanamke mmoja umatini akamjibu.

"Mimi nina watoto, bibie."

Alphonsine akashika kiuno. "Ludivine! Si walifuata picha zako? Haya, kazi kwako."

"Halafu utuchoree kitabu cha tano," mwingine akadakia. "Ludivine na Mafua Elfu!"

Wakacheka. Yeye akang'oa. Soksi, barakoa, bibu ya mtoto, kurasa za vitabu vyake mwenyewe. Mambo ya homa hakuyaamini, alijiambia, ingawa ndiyo yaliyompa jina. Hata hivyo kila kitambaa alikishika kwa ncha ya koleo tu.

Saa sita mchana alifikia mkono mdogo wa blauzi, umepauka, msumari umeliwa na kutu. Vicheko vikakatika. Kijiji kizima kilijua ni wa Maëlle, binti wa Alphonsine, aliyeponea chupuchupu homa kali akiwa na miaka sita.

"Huo usiuguse." Alphonsine alivuka barabara na aproni yake, akamnyang'anya koleo. Akavuta, akavuta tena, akajikwaruza kidole mpaka damu. Kile kitambaa akakitia kifuani.

"Mama Alphonsine, nisamehe."

"Homa ya mwanangu nitaibeba mwenyewe. Huo msamaha na wauombe wenye nyundo waliouozesha mti." Akamrudishia koleo. "Malizia, wanataka kuwasha msumeno."