Mstari wa Kumi na Saba

Kwanza nilisikia komeo likisukumwa, kisha kufuli likabanwa kwa nje. Macho yangu yalikuwa bado hayajazoea giza la chumba kile.

"Mzee, unanifungia?"

"Ndiyo taratibu," karani akajibu kutoka upande wa pili wa mlango. "Daftari halitoki nje, na anayelisoma hatoki mpaka nikague kurasa. Kuna bwana mmoja aliondoka na ukurasa mzima ndani ya kofia."

"Mimi sina kofia!"

"Una mdomo. Huo unameza kurasa mbili."

Nikaupiga mlango teke. Akacheka, akaenda zake kula.

Nje, kwenye benchi la baraza, nilimsikia mama akikohoa. Alikuwa amenisindikiza tangu nyumbani bila kutamka neno. Nilidhani ni uchungu wa kuagana.

Makazi yetu yako mwisho wa barabara; mbele yetu ni mawe tu. Lori la vifurushi huja mara moja kwa wiki, na siku ile lingeondoka saa tisa alasiri. Chuo cha upimaji ardhi kilikuwa kimenikubali, mimi mtoto wa mwisho wa barabara, kwa sharti kwamba nifike Jumatatu na cheti cha kuzaliwa. Aliyetimiza miaka ishirini hawamtaki. Nilikuwa na kumi na tisa, na miezi iliyobaki ilikuwa ya kuhesabu kwa vidole. Cheti chetu cha zamani kililiwa na mchwa, hivyo ilibidi niutafute mstari wangu daftarini ili karani aunakili.

Chumba kilikuwa stoo ya saruji, na vumbi lake lilikuwa bado linakwaruza koo. Dirisha moja, nondo tatu, rafu mpaka darini. Nilianza na daftari la mwaka wangu. Sikuwemo. Nikachukua la mwaka uliofuata, kwa sababu watu wa kwetu huandikisha mtoto siku wakipata nafasi. Sikuwemo. Jasho lilinitiririka mgongoni. Nikarudi nyuma, mwaka mmoja, miwili, mitatu, na hapo, mstari wa kumi na saba, nikajiona. Jina langu. Jina la marehemu baba. Jina la mama. Mwaka tu ndio haukuwa wangu. Kwa mwaka ule, nilikuwa na ishirini na mbili.

Karani aliporudi nilikuwa nimeshika nondo kwa mikono miwili.

"Umenizeesha miaka mitatu! Siku hiyo ulikunywa nini?"

"Kijana, mimi mwaka sikosei."

"Basi nani kakosea? Mimi, nilipozaliwa?"

Aligeuka akatazama kwenye benchi, akashusha sauti. "Dada, hukumwambia?"

Mama akainuka, akaja dirishani. Hakunitazama usoni, alitazama vidole vyangu kwenye nondo.

"Huyo si wewe," akasema. "Huyo ni kaka yako."

"Kaka yangu yupi?"

"Aliyekuachia jina lake. Ulipozaliwa nilimwambia baba yako akakuandikishe. Akasema, cha nini? Cheti kipo, jina ni lile lile."

"Nusu ya makazi haya wako hivyo," karani akadakia. "Hapa cheti ni kama koti. Mkubwa akiondoka, mdogo anavalishwa."

Sikucheka. Nilitaka kuvunja kitu, na pale ndani kila kitu kilikuwa karatasi.

"Haya, niandike mimi sasa. Mstari mpya."

"Jina hilo hilo, baba huyo huyo, mama huyo huyo? Makao makuu watasema ni mtu mmoja. Mpaka mstari huu ufungwe." Alikohoa. "Na kifo chake hakikuandikwa. Hapa, kaka yako yu hai."

"Mama, mwambie basi! Ni neno moja tu!"

"Neno moja," mama akasema. "Miaka ishirini na moja sijalitamka, wewe unataka nilitamke kabla ya saa tisa."

"Nifungulie nije nje," nikamwambia karani.

"Daftari liko wazi mezani. Likiwa wazi, mlango haufunguliwi." Akapenyeza fomu ya kifo katikati ya nondo. "Meza iko kwako. Andika wewe, mimi nasoma maswali."

Nikakaa. Karani akauliza tarehe. Kule barabarani dereva alikuwa ameanza kufunga turubai. Nilisikia wapakiaji wakimtania kwamba kamba zake zimezeeka kuliko lori. Nilifungua mdomo nimhimize mama, nikamwona ameegemeza paji la uso kwenye nondo. Nikaufunga.

"Ilikuwa Alhamisi," akasema mwishowe. "Alikuwa amejifunza kutembea wiki ile."

Akataja mwezi. Akataja homa. Akataja mahali alipozikwa, nyuma ya jengo la wapasua mawe ambalo nimelipita kila siku ya maisha yangu. Niliandika kila neno.

"Mtoa taarifa ana uhusiano gani na marehemu?" karani akauliza.

Nikaandika: mdogo wake. Nikaweka saini. Jina likasimama mara mbili kwenye karatasi moja, juu la aliyekufa, chini la anayeshuhudia.

Karani akaipokea, akapiga muhuri, akaanza kujaza fomu ya mstari wangu mpya. Mama alikuwa bado pale dirishani.

"Huko uendako watakuita, nawe utaitika," akasema. "Yeye sasa hayumo hata humu daftarini."

Nikamshika mkono katikati ya nondo. Ulikuwa wa baridi, na jua lile.

"Mama, nisikilize. Kila atakayeniuliza, mwalimu, bosi, karani yeyote mwenye fomu, tumezaliwa wangapi kwetu, nitamwambia wawili. Nakuapia. Wawili, na mimi ndiye mdogo."