Uzi wa Sanda ya Bibi Do

Saa moja asubuhi, Aprili 17, 2023, uzi uliochomolewa kwenye jora la katani uliwashwa moto katika kibanda cha Pyo Mal-sun, Soko la Seomun, Daegu. Haukuwa jivu. Ulijikunja, ukayeyuka, ukabaki punje nyeusi ngumu kwenye kisahani.

Katani huacha jivu. Punje ni nailoni.

Mal-sun, mshona sanda, alikuwa amelowesha kidole ili akunje pindo, na tone la maji likasimama juu ya kitambaa bila kuzama. Ndipo alipotafuta kiberiti. Alichoma nyuzi za majora yote ya shehena ile. Mawili yalikuwa ya bandia. Angeyapima siku yalipofika, lakini yaliletwa na Tak Gi-beom, aliyemuuzia katani tangu ujana. Kumwashia kiberiti mtu wa namna hiyo mbele ya macho yake, katika soko lile, ni sawa na kumwita mwizi.

Tak alipita na kikombe cha kahawa kama kila siku.

"Gi-beom, katani yako ina nailoni."

"Dada! Hata kahawa sijaimaliza, ushaniwashia moto?" Alicheka, kisha akashusha sauti. "Hayo majora mawili nipe, nikubadilishie leo leo. Yaishe."

Mal-sun hakuwa amemwambia ni mangapi.

"Umejuaje ni mawili?"

"Nimekisia."

"Umekisia vizuri."

Tak alitazama kahawa yake. "Kiwandani walichanganya, labda. Mimi napokea, nauza. Umeshona ngapi?"

"Moja. Ya Bibi Do."

"Basi nyamaza. Bibi kizee ameshaifungia sandukuni. Nani atafukua?"

Swali hilo lilikuwa baya kuliko alivyojua. Bibi Do In-rye aliuza tambi sokoni humo tangu enzi ambazo wazee bado walilikumbuka bwawa lililofukiwa ili soko lihamie pale. Aliona mabanda yakiungua, yakajengwa, yakaungua tena. Kisha akahamisha kaburi la mumewe, na walipofukua walikuta mifupa imefungwa ndani ya sanda ya nailoni, nzima kama ilivyotoka dukani. Alikuja kwa Mal-sun katika mwezi wa nyongeza wa kalenda ya mwandamo, mwezi ambao sanda hushonwa ili mwenyewe aishi sana, akamwambia: "Mimi nataka kuoza vizuri."

Mwezi huo ulikuwa unaisha Jumatano. Leo ilikuwa Jumatatu.

Mal-sun alijaribu kukumbuka alikata jora lipi. Vipande vilikuwa vimeshafagiwa. Alifunga kibanda, akaenda nyumbani kwa kikongwe.

Bibi Do alifungua mlango, akamtazama mikono, akacheka.

"Mshona sanda anabisha hodi mapema hivi? Nilidhani utasubiri niitwe kwanza."

"Bibi, nataka kuipima sanda yako. Kuna katani ya bandia imeingia kwangu."

Kicheko cha kikongwe kilikatika. "Nani amekuleta? Unataka kuniuzia nyingine?"

"Hapana, bibi."

"Wote husema hapana."

Hata hivyo alilitoa sanduku lenye sanda yake, joho na suruali. Hakumruhusu Mal-sun aguse. Yeye mwenyewe alichomoa uzi kwenye mkono wa joho, akaushika kwa kibano juu ya jiko la gesi. Uliwaka kwa harufu ya karatasi, ukaanguka jivu.

"Umeona? Umenipandisha presha bure." Alianza kukunja.

Mal-sun angeweza kuondoka hapo. Jina lake lilikuwa salama, na sanduku lingefungwa hadi siku ya mazishi. Lakini joho na suruali hakuzikata siku moja.

"Suruali pia, bibi."

Bibi Do alimkazia macho, kisha akachomoa uzi wa pili. Ulijikunja, ukawa punje nyeusi.

Alizima jiko. Aliiweka ile punje kwenye kiganja, akaibonyeza kwa ukucha.

"Ulijua?"

"Nimejua leo asubuhi."

"Na uliponishonea hukupima."

"Sikupima."

"Kwa nini?"

"Nilimheshimu aliyeniletea."

"Basi ulimheshimu yeye," alisema Bibi Do. "Chukua suruali hiyo. Nyingine kabla ya Jumatano."

Duka la Tak halikufunguliwa alasiri hiyo; jirani yake alisema amesafiri, mwingine akasema yumo ndani. Mal-sun alinunua katani kwa mtu asiyemjua, na kabla ya kutoa pesa aliomba uzi na kiberiti. Mwenye duka alinuna, lakini uzi ukawa jivu.

Jumanne jioni alipeleka suruali mpya. Bibi Do aliipokea mlangoni, akachomoa uzi, akauchoma palepale kizingitini mbele ya mshonaji. Alipuliza jivu, akaiweka suruali kwapani, akafunga mlango.